Picha ni Amana: Ipi Itoke, Ipi Ibaki Sandukuni



Mwezi huu ukurasa wetu utajibu barua tuliyoletewa na mama mmoja wa Nsemulwa, hapa mjini Mpanda. Mama huyu ni mjane. Mwanawe mkubwa, akaaye Dar es Salaam, amemtaka ampelekee picha zote zilizomo katika sanduku la nyumba yao, ili azitie katika albamu ya mtandaoni, jamaa waliotawanyika Tabora, Kigoma na Maskati wapate kuzitazama. Mama ameandika: "Mwalimu, picha ni zetu, na watu waliomo ni sisi wenyewe. Je, kuna ubaya tukizitoa zote? Mimi naona uzito moyoni, lakini sijui uzito huo watoka wapi."

Barua hii tuliisoma, kisha tukamwendea mwenyewe pamoja na mama wa nyumbani kwetu, kwani si mbali. Sanduku likafunguliwa, tukakaa mkekani tangu Alasiri hata karibu na Magharibi. Haya tutakayoyasema ni yale tuliyoyaona siku ile, na mwenyewe ametupa idhini ya kuyaandika, maadamu hatumtaji jina. Tumeongeza na jambo moja lililotokea katika madrasa yetu, ambalo hatupendi kulisimulia, lakini lina faida kwa wengine.

Awali, tuseme neno fupi juu ya hukumu ya picha yenyewe. Wanavyuoni wamehitilafiana. Wako waliokataza picha ya kamera kwa kuiingiza katika makatazo ya kutengeneza sura za viumbe. Na wako walioiruhusu, kama Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyepata kuwa Mufti wa Misri na aliyefariki mwaka 1935, ambaye aliona kwamba kamera hukizuia kivuli tu cha kile alichokwisha kukiumba Mwenyezi Mungu. Hatutaki kuyarudia mabishano hayo leo. Anayeifuata rai ya kwanza, swali la mama huyu halimhusu. Anayeifuata rai ya pili, asidhani kwamba ruhusa ya kupiga picha ndiyo ruhusa ya kuieneza. Hayo ni mambo mawili, na watu wengi siku hizi wameyafanya moja.

Sisi tuliokua zamani twakumbuka jinsi mambo yalivyokuwa. Mpiga picha alikuwa na filamu ya picha 36, na kila moja ilikuwa na bei yake. Filamu ikiisha ilipelekwa Tabora kwa treni ikasafishwe, nasi tukangoja majuma mawili au matatu. Kwa hiyo mtu hakupiga picha illa ya jambo lenye maana: harusi, mtoto aliyehitimu, mgeni aliyetoka mbali. Nayo picha ikishakuja ilitiwa katika albamu, na albamu ikakaa kabatini. Mgeni alipewa aifungue huku akingoja chai, na mwenye nyumba ameketi karibu yake, akimweleza huyu ni nani na yule ni nani. Kama kulikuwa na ukurasa usiomfaa mgeni yule, mwenye nyumba aliupita. Basi ufunguo ulikuwa mkononi mwake.

Leo filamu haihesabiwi, na kijana mmoja aweza kurudi harusini na picha mia nne katika simu yake. Wala hazikai kabatini. Picha ikishatiwa mtandaoni, kila aionaye aweza kuinakili na kumpelekea mwingine, na yule mwingine akampelekea wa tatu. Ukiifuta, umeifuta iliyo kwako tu. Zile nakala hukuzifuta. Zaidi ya hayo, simu nyingi, zisipozuiwa, huandika ndani ya picha siku, saa, na hata mahali ilipopigwa, ijapokuwa macho hayayaoni maandishi hayo. Kwa hiyo yule anayesema, "Nimeiweka kwa jamaa tu," hana budi kujua kwamba jamaa nao wana jamaa zao.

Sasa tusimulie lile letu. Miaka michache iliyopita, katika Ramadhani, watu wa kheri walituletea kanzu za watoto mayatima wa madrasa yetu. Wafadhili walitaka kuona kwamba kanzu zimefika, na sisi tukamwamrisha kijana mmoja apige picha kila mtoto anapopokea. Picha zikatiwa mtandaoni na maneno ya shukrani chini yake. Mmoja wa watoto wale alikuwa wa miaka kumi na miwili. Katika picha ameinamisha kichwa, na mkono wetu uko juu ya kanzu kana kwamba twataka ionekane vizuri. Sisi tulifurahi nayo, kwani wafadhili walifurahi.

Baada ya Idi, mtoto yule hakuja chuoni. Tukadhani ni maradhi. Juma la tatu bibi yake akaja na mfuko. Ndani yake mlikuwa na ile kanzu, imefuliwa na kukunjwa. Akatuambia kwa adabu: "Mwalimu, kanzu twaishukuru. Lakini mtoto haivai. Wenzake shuleni wameiona picha katika simu, na sasa wamwita 'wa msaada'. Mngeileta kanzu, simu mkaiacha nje."

Hatukuwa na jibu. Twawafundisha watoto kila mwaka kwamba Mwenyezi Mungu, katika Suratul Baqara, aya ya 271, ametujulisha kuwa kuidhihirisha sadaka ni vyema, lakini kuificha na kuwapa mafakiri ni bora zaidi. Na katika aya ya 264 ametukataza kuibatilisha sadaka kwa masimbulizi na maudhi. Aya tulikuwa nazo ulimini, na simu ilikuwa mkononi. Tuliifuta picha siku ile ile, tukawaandikia wote tuliowajua wanayo. Lakini ilikwisha fika pasipo idadi, wala hatukuweza kuirudisha. Mtoto alirudi chuoni baada ya miezi mitatu, alhamdulillahi. Amekuwa mkubwa sasa, na asoma vizuri. Walakini hata leo mtu akiinua simu darasani, yeye huondoka mahali pake kimya akasimama mlangoni. Kila tumwonapo pale mlangoni, twaikumbuka kanzu ile.

Jambo hili si geni katika nchi zetu. Kijana wetu mmoja asomaye chuo alituonyesha picha za kale za Unguja. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, palikuwa na studio za picha pale mjini, kama ile ya A. C. Gomes na ile ya Coutinho Brothers, zilizotengeneza kadi za posta zikauzwa kwa mabaharia na wageni. Katika kadi hizo wamo wanawake wa pwani na kanga zao, na chini pameandikwa kwa Kiingereza maneno yenye maana ya "mwanamke wa Kiswahili," pasi na jina lake, wala jina la babake, wala mtaa wake. Kadi zikasafiri Ulaya na Marekani. Leo picha nyingi za namna hiyo za Afrika Mashariki zimehifadhiwa katika maktaba za mbali. Chuo Kikuu cha Northwestern, huko Marekani, kina mkusanyo wa Winterton wenye picha zaidi ya 7,000 za tangu miaka ya 1860 hata 1960, nao wawekwa wazi mtandaoni. Wenye kuhifadhi wametufaa, kwani tumejifunza mengi ya wazee wetu. Lakini tuliitazama sura ya mmoja wa wanawake wale tukajiuliza: Je, huyu aliulizwa? Na kama aliulizwa, aliambiwa kwamba baada ya miaka mia na zaidi watu asiowajua, katika nchi asizozijua, watakuwa wakimtazama usoni na hakuna hata mmoja ajuaye kumwita kwa jina? Yeye hakuwa na uwezo wa kuchagua. Sisi tunao, na kwa uwezo huo tutaulizwa.

Basi ewe mama, ule uzito unaouona moyoni una asili yake. Picha ni yako kwa kuwa karatasi ni yako. Lakini sura iliyomo ni ya mwenyewe, nawe umewekewa amana. Ametufundisha Mtume wetu (s.a.w.), katika hadithi waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, kwamba mtu akikwambia neno kisha akageuka kutazama huku na huku, neno lile limekwisha kuwa amana, japokuwa hakutamka kuwa ni siri. Ikiwa neno huwa amana kwa kugeuza shingo tu, je, sura ya mtu aliyeketi kwako hali amejiachia, kwa kuwa yu nyumbani mwa nduguye?

Kwa hiyo tulikaa juu ya mkeka ule, na kwa kila picha tukauliza maswali manne.

Swali la kwanza: Ni nani waliomo, na je, wameridhia? Si yule wa katikati peke yake, bali na wa pembeni, na yule anayepita nyuma na ndoo. Mlikuwa na picha nzuri ya wanawake wawili mashoga, mama mwenyewe na jirani yake wa zamani, wamekaa chini ya mwembe. Jirani yule alitoka Burundi katika msiba wa mwaka 1972, akiwa miongoni mwa waliopokewa katika makazi ya Katumba, na sasa ni bibi mwenye wajukuu. Mama akampigia simu pale pale. Jibu lake lilikuwa: "Nitazame wewe, ndugu yangu, lakini usinitoe." Hatukumwuliza sababu. Aliyekimbia kwao kwa kuokoa roho yake ana haki ya kuchagua ni nani ajue alipo. Picha ikarudi sandukuni, wala urafiki haukupungua.

Na kama waliomo wamekwisha kufa, idhini yao haipatikani. Basi huangaliwa walilolipenda wakiwa hai. Mwosha maiti ameusiwa asitiri alichokiona. Nasi tulio na picha ya mgonjwa aliyedhoofika kitandani tu katika hali iyo hiyo ya mwosha. Mlikuwa na picha mbili za marehemu mume wake. Moja ni ya siku zake za mwisho, mashavu yameingia ndani. Nyingine amesimama katika stesheni ya Mpanda na sare yake ya reli, nyuma yake behewa la treni itokayo Kaliua, kifua mbele kama aliyeijenga njia ile kwa mkono wake. Binti akalia alipoiona. Ile ya kwanza ikabaki. Hii ya pili ndiyo iliyotangulia katika bahasha ya kwenda Dar es Salaam, kwani wajukuu wasiomwona babu yao wana haki ya kumjua akiwa katika nguvu zake.

Swali la pili: Hali yao ni ipi? Katika Suratu Nur, aya ya 27, Mwenyezi Mungu ametukataza kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tupige hodi na kuwatolea wenyewe salamu. Na katika aya ya 58 ya sura hiyo hiyo, hata watoto wa ndani wasiobaleghe wameamrishwa waombe ruhusa nyakati tatu: kabla ya Sala ya Alfajiri, adhuhuri watu wanapovua nguo zao, na baada ya Sala ya Isha. Fikirini, ndugu zangu. Mtoto uliyemzaa apiga hodi mlangoni mwako, na wewe wawafungulia chumba hicho hicho watu elfu usiowajua kwa picha moja. Picha za mwali ndani, za mama anyonyeshaye, za wanawake wamefungua vichwa katika ngoma yao wenyewe kwa wenyewe, hizi zilipigwa katika nyakati za hodi. Ni picha za furaha, hatuzitii ila. Lakini mahali pake ni ndani.

Swali la tatu: Picha yasema nini zaidi ya sura? Mlikuwa na picha ya mjukuu amevaa sare, na beji ya shule yasomeka vizuri. Nyuma yake mlango wa nyumba na namba yake. Mtu mwovu hahitaji zaidi ya hapo kujua mtoto yuko wapi saa nne asubuhi na yuko wapi jioni. Nyingine ni ya kijana ameshika cheti chake cha mtihani, na namba zote zaonekana. Nyingine ameshika kitambulisho cha taifa, akifurahi kwamba amekipata. Furaha hiyo ni halali, lakini namba hizo ni mali, na wezi wa siku hizi huiba kwa namba. Hizi tulishauri zikatwe upande wenye maandishi, au zisitoke.

Swali la nne: Mwenyewe atakapokuwa mtu mzima, ataionaje? Hili ni la watoto wetu. Mtoto mchanga aogeshwaye katika beseni wote humcheka kwa mapenzi. Lakini mtoto huyo kesho atakuwa kadhi, au mwalimu, au mke wa watu. Mtoto hana ulimi wa kukataa, na mzazi ndiye wakili wake. Wakili humchungia mtu haki yake, hajifurahishi kwayo.

Tusidhani kwamba haya ni mambo ya madrasa peke yake. Katiba ya nchi yetu, Ibara ya 16, yalinda faragha ya mtu na ya nyumba yake. Bunge likatunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024. Katika sheria hiyo taarifa zihusuzo watoto zimehesabiwa miongoni mwa taarifa nyeti. Jirani zetu wa Kenya wana sheria yao ya mwaka 2019, na Septemba 2023 Kamishna wao aliitoza shule iitwayo Roma School, ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 za Kenya, kwa kutangaza picha za watoto pasi na idhini ya wazazi. Sheria hizi huzibana taasisi zaidi kuliko mama na sanduku lake. Lakini madrasa nayo ni taasisi, msikiti ni taasisi, na chama cha harusi chenye kamati na mpiga picha wake kisijione kiko mbali sana. Sisi katika madrasa yetu sasa twamwuliza mzazi kwa maandishi, kisha twamwuliza na mtoto mwenyewe. Akikataa mmoja wao, hatupigi. Wafadhili twawapelekea hesabu na risiti, na picha ya kanzu zikiwa zimepangwa mezani. Hakuna aliyepunguza mchango wake kwa hilo.

Enyi vijana, kwenu tuna neno. Hatuwaambii mzitupe simu zenu. Neema za Mwenyezi Mungu katika mkoa wetu ni nyingi, na walio mbali wana kiu ya kuziona. Wapigieni viboko wa Ikuu katika mbuga ya Katavi, jinsi wanavyosongamana katika tope la kiangazi maji yanapokauka. Wapigieni misitu ya miombo inapochipua majani mekundu kabla ya mvua, na mizinga ya asali, na mashamba ya mpunga ya Mwamkulu. Wapigieni wazee wanaopenda kupigwa, nanyi andikeni majina yao na mwaka, wasije wakawa kama wale wanawake wa kadi za posta. Lakini mkikuta pikipiki imeanguka njiani na mtu amelala damuni, mkono wenye simu uwe wa kuita gari. Ndugu zake wasipate habari ya msiba kwa picha ya maiti wao. Na mwenzio aliyekupelekea picha yake kwa kukuamini, siku mtakapogombana ndiyo siku ya kuijua amana. Kwani amana ya rafiki huhifadhiwa na kila mtu, na amana ya mliyegombana naye huhifadhiwa na mcha Mungu.

Pengine msomaji atasema: Mwalimu ametutia ugumu, picha hata furaha haina tena. Hapana. Katika sanduku lile, zaidi ya nusu ya picha zilitoka, na zilitoka kwa furaha kuliko kwanza, kwa kuwa kila moja ilikuwa na jina na idhini nyuma yake. Binti aliandika kwa kalamu: huyu ni fulani, hapa ni mahali fulani, mwaka fulani. Zile zilizobaki hazikutupwa. Mama alizifunga katika kitambaa chake cha harusi, akasema, "Hizi mwanangu atazikuta akija Idi. Aje azitazame hapa, nimweleze mwenyewe." Tukaona kwamba amepata jibu la barua yake kabla hatujaliandika. Mtoto aliye mbali ataziona zile za kutazamwa na wote, na zile za nyumbani zitampa sababu ya kupanda treni kurudi kwa mama yake.

Basi, wasomaji wetu, kila mmoja alifungue sanduku lake, nalo kwa wengi sasa ni simu. Atazame kilichomo, na kilichokwisha toka. Na kama umo humo mtu uliyemtoa pasi na idhini yake, mwendee ukamtake radhi. Sisi tumekwisha kwenda. Tulikuta mlango wazi, tukapiga hodi kwanza.

Mwenyezi Mungu azisitiri aibu zetu duniani na Akhera, atusaidie kuzitunza amana za watu, na awalinde watoto wetu kwa macho wanayoyaona na wasiyoyaona. Amin.